Wazee wa Daraja la Tano

Nchi hii haipakani na yenu. Kama inapakana, basi ni upande ule msiokwenda, na kama mmewahi kwenda, mtakuwa mlikwenda usingizini. Nayasema haya mapema kuwaondolea wasomaji wasiwasi, maana wapo watu ambao wakisikia habari za waziri mjinga huanza kuangalia nyuma yao.

Basi nchi hiyo ilikuwa na wazee. Hakuna aliyejua imewapata wapi. Tangu uhuru serikali ilikuwa imejitahidi kadiri ya uwezo wake watu wasifikie umri huo: hospitali hazikuwa na dawa, barabara zilikuwa na mashimo ya kuitosha kila familia, na maji ya bomba yalitoka na rangi ya chai ya maziwa. Lakini kati ya binadamu kuna wakaidi. Walipenya katikati ya yote hayo wakazeeka, wakaanza kuonekana barabarani na mikongojo yao, mchana kweupe, bila haya.

Wakati huohuo dunia nzima ilikuwa ikizungumza habari za wazee. Nchi tajiri zilikuwa zimejaa vikongwe, zikawa zinafanya mikutano mikubwa ya kulinganisha nani anawatunza wake namna gani. Rais wa nchi yetu hii akaona wivu.

"Na sisi tunao," akasema. "Mbona hatulinganishwi?"

Kesho yake ikaundwa Wizara ya Uzee na Heshima. Waziri wake akawa Mheshimiwa Masumbuko Ndeketela, ambaye hadi jana yake alikuwa Waziri wa Mifugo. Rais alifafanua redioni kwamba kazi ni ileile: kuhesabu, kuchanja na kujenga uzio.

*

Waziri alisafiri na wajumbe, wake za wajumbe, na mabegi matupu ya kutosha. Walizuru nchi tatu.

Ya kwanza ilikuwa Nchi ya Barafu, ambako halmashauri humtuma mtu asubuhi amwogeshe mzee, ampikie uji, amfungulie pazia aone theluji. Wajumbe hawakuona lolote kwa sababu ya baridi. Walishinda hotelini wamejifunika mablanketi, na waliporudi walieleza kwamba wazee wa huko wamehifadhiwa vizuri sana, hawawezi kuoza.

Ya pili ilikuwa Nchi ya Bima. Huko binti akimtunza mama yake nyumbani, serikali humtambua na kumsaidia, kwa sababu kazi anayoifanya anaifanya kwa mikono yake mwenyewe. Maneno haya yalimgusa Waziri. "Kwa mikono yake mwenyewe," akayarudia, akatikisa kichwa, akawaambia wajumbe wayakumbuke.

Ya tatu ilikuwa Nchi ya Mashine, na hiyo ndiyo iliyomteka moyo. Mwenyeji wao, mama mpole mwenye miwani, aliwaeleza kwamba kwao kila mzee hupimwa udhaifu wake na kuwekwa katika daraja. Wa daraja la kwanza anahitaji msaada mdogo tu, pengine mtu wa kumbebea kapu. Wa daraja la tano hawezi tena chochote, naye hupewa huduma zote, pamoja na mashine ya kumwinua kitandani taratibu kama yai.

"Kwa hiyo wa daraja la tano ndio wanaopata kila kitu?" Waziri akauliza.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na wako wengi?"

"Wachache, tunashukuru. Tunajitahidi watu wabaki madaraja ya chini."

Waziri akamgeukia mjumbe wa karibu, akamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani: "Umesikia? Nchi ina treni zinazokwenda kama risasi, halafu wazee wao wanafeli, na mwalimu mkuu anashukuru!"

Msimcheke. Waziri alikuwa mtoto wa nchi ambayo mtu hupewa daraja tangu anapoota meno. Matokeo ya mitihani husomwa redioni. Shule hupangwa kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na mwalimu wa shule ya mwisho huzomewa buchani mpaka anaacha kula nyama. Mtu wa nchi hiyo ukimwambia kuna madaraja haulizi ni ya nini. Anauliza nani ameongoza.

*

Waziri alihutubia taifa uwanjani, juani. Wazee waliletwa kwa malori wakapangwa mbele.

"Ndugu wananchi! Nimezunguka dunia. Nimelinganisha. Nimemwona mzee wa Barafu, nimemwona mzee wa Bima, nimemwona mzee wa Mashine, na nawaambia bila kumung'unya maneno: mzee wetu ana kipaji kuliko wote! Kinachomkosesha nafasi yake duniani ni nidhamu. Nawatazama hapa, nasikitika. Wengi wenu mnatembea! Wengine mnalima! Juzi nimeonyeshwa babu wa miaka themanini yuko juu ya mnazi. Ni aibu gani hii mbele ya mataifa? Huyo ni sifuri! Nataka ifikapo Sikukuu ya Uhuru kila mzee wa nchi hii awe amefika daraja la tano. Asiyeweza mwenyewe, atasaidiwa. Na wilaya itakayofaulisha wote itapewa kombe!"

Umati ukashangilia. Wazee wenye akili, waliokuwa safu ya mbele, walianza kupiga makofi kisha wakaiacha mikono yao ilegee mapajani.

Mtihani ulikuwa na maswali matano: simama, tembea, peleka mkono mdomoni, taja jina lako, mtambue mwanao. Aliyeshindwa moja alikuwa daraja la kwanza. Aliyeshindwa yote alikuwa ameshinda.

Ili kuwasaidia wasioweza kushindwa wenyewe, kikaundwa Kikosi cha Huruma. Sheria iliagiza marungu yao yafungwe sufi kwenye ncha, maana mzee ni mtu wa kushikwa kwa upole. Sufi ilidondoka siku ya kwanza, na kwa kuwa sheria haikusema ikidondoka irudishwe, haikurudishwa. Kikosi kilikuwa na wimbo wake, ambao askari waliuimba wakishuka garini ili familia zipate muda wa kuandaa chai:

Tulizeni nyoyo zenu, tumekuja na huruma,
Tutavunja goti lenu, msiweze kusimama,
Kisha nyonga, mbavu zenu, taratibu, kwa heshima,
Serikali mama yenu, itawabeba daima.

Ni wimbo mzuri. Watoto waliuchezea rede.

*

Tatizo la kwanza lilikuwa kumjua mzee ni nani. Vyeti vya kuzaliwa vilikuwa vimeliwa na mchwa, pamoja na ofisi. Aliyepata dawa alikuwa Kamanda Fikirini, mkuu wa Kikosi katika Wilaya ya Ng'ambo, kijana mwenye kifua kipana na kiu ya cheo.

"Mpeni shikamoo," akawaambia askari wake. "Akijibu marahaba, amekiri."

Ikawa sheria ya nchi nzima. Askari alisimama sokoni, rungu nyuma ya mgongo, akaita kwa sauti ya asali, "Shikamoo, babu!" Na babu, ambaye alikuwa akiitikia salamu hiyo tangu askari hajazaliwa, aliitikia kabla hajawaza. Rungu likatoka nyuma ya mgongo. Mlio wa goti la mtu mzima, nasikia, unafanana na wa muwa mkavu.

Watu wakajifunza upesi. Vikongwe wakaanza kutembea wakitafuna jojo, kofia zimegeuzwa nyuma.

"Shikamoo, bibi!"

"Poa tu, mshikaji."

"Shikamoo, mzee!"

"Freshi, mwanangu. Nipishe, nina mechi."

Mzee mmoja alijing'ata ulimi kuuzuia usiitikie, akaumaliza kabisa. Akapewa alama za swali la nne palepale. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, kijana asiye na hata unywele mmoja mweupe, aliamkiwa na darasa lake mbele ya askari aliyekuwa akipita dirishani. Akaitikia kwa mazoea. Walimvunja nyonga zote mbili ubaoni, wanafunzi wakiwa wamesimama wima kwa adabu. Mke wake alipokwenda kulia kituoni kwamba mumewe ni kijana, alijibiwa na Kamanda Fikirini kuwa sheria haiangalii mvi, inaangalia jibu.

*

Waliofaulu walipelekwa Makao ya Heshima, jengo kubwa lililokuwa machinjio ya wilaya. Waziri aliona ni hasara kung'oa kulabu zilizo nzima, hivyo aliagiza mashine moja tu, ya kuinulia. Mashine iliyofika ilikuwa winchi ya gereji, ile ya kutolea injini za malori. Ilifanya kazi vizuri. Iliwainua wazee wanane kwa mkupuo, wamefungwa mikanda chini ya kwapa, ili sakafu ifagiliwe. Umeme ulipokatika walibaki hewani mpaka uliporudi, na umeme wa Ng'ambo ulikuwa na tabia ya kwenda kusalimia ndugu.

Katika waliokuwa wakining'inia, wengi wakiwa wamejaziwa tu maswali mawili ya mwisho, alikuwemo Mzee Lukanga, fundi seremala, aliyefaulishwa kwa bomba la chuma akiwa bado ameshika randa. Mwenzake aliyefungwa chini yake akamwita:

"Lukanga! Unaona nini huko juu?"

"Naona kwangu. Paa limeanza kuvuja."

"Utalitengeneza lini?"

"Nikishuka."

Hakushuka mzima. Wizara ilitoa taarifa kwamba Mzee Lukanga amehitimu.

*

Siku moja kabla ya Sikukuu ya Uhuru, Wilaya ya Ng'ambo ilikuwa inaongoza nchi nzima. Kila mzee wake alikuwa daraja la tano, isipokuwa mmoja.

Huyo mmoja alikuwa Bibi Nyamizi, ambaye umri wake haukujulikana, ila waliomkuta mtu mzima walikuwa wamekwisha kufa kwa uzee. Alilima mihogo yake mwenyewe na kula muwa kwa meno yake mwenyewe. Aliishi na bintiye, Bi Zamoyoni, mjane mwenye mvi zake mwenyewe, ambaye kila jioni alimsugua mama yake mgongo kwa dodoki, na kila jioni aliambiwa hajui kusugua. Bi Zamoyoni alikuwa na ombi moja tu duniani: mama yake afe na mifupa yake yote, kwenye kitanda chake, siku atakayoipenda Mungu na si siku ya Kamanda Fikirini.

Askari waliokwisha kujaribu walirudi wakitema meno, maana bibi alikuwa na jembe na hakulitumia kwa mihogo peke yake. Na akishalinyanyua aliwaimbia:

Njoo uvunje mfupa, ulokomaa kwa jembe,
Meno yako utatupa, hata ukija na pembe.

Asubuhi hiyo Bi Zamoyoni alipiga magoti mbele ya mama yake.

"Mama, leo Kamanda anakuja mwenyewe, na lori zima. Nakuomba ulale kitandani. Ulegee."

"Nilegee?"

"Kidogo tu. Ukiulizwa, usijibu. Udenda ukitoka, uache utoke."

"We Zamo, mimi nilikuzaa nimeshika mpini wa jembe, nikakata kitovu, nikamalizia tuta. Leo nilegee kwa ajili ya kijana wa suruali ya kubana?"

"Wakikukuta mzima watakuvunja, Mama."

"Na wakinikuta mbovu?"

Bi Zamoyoni akainamia ncha ya kanga yake, akaanza kuikunja.

"Sema basi. Wakinikuta mbovu?"

"Watakupeleka Makao."

"Ehee. Sasa hapo unanichagulia nini? Sumu ya kopo au sumu ya chupa?" Akamshika bintiye kidevu, akamwinua uso. "Simama, utachafua kanga. Nenda kaniletee muwa, nisije nikafanya mtihani na njaa."

*

Walikuja na bendi. Kamanda Fikirini alikaa mbele, na kombe lilikuwa limeshafungwa kwenye paa la gari na kung'arishwa. Mtaa mzima ukajaa uani. Sajini Hamduni, msaidizi wa Kamanda, mtu ambaye hakuwahi kuvunja sheria wala kuielewa, akapiga filimbi.

"Shikamoo, Bibi!" akasema Kamanda.

"Marahaba, mbwa wewe. Mama yako hajambo?"

Watu wakaguna. Mtihani ukaanza.

Aliambiwa asimame, naye alikuwa amesimama. Aliambiwa atembee, akajitwisha ndoo ya maji akazunguka ua, akaongeza mzunguko wa pili wa zawadi. Aliambiwa apeleke mkono mdomoni, akamenya muwa, akatafuna, akalitema kapi juu ya kiatu cha Kamanda. Aliambiwa ataje jina lake, akalitaja, na la baba yake, na la babu yake, akaendelea kupanda mpaka Sajini akamsihi ashuke.

"Mtambue mwanao," akasema Kamanda kwa meno yaliyoumana.

"Mwanangu yule pale, Zamoyoni. Na wewe pia nakutambua. Wewe si mtoto wa Mwajabu? Uliyekojoa kitandani mpaka ukaota ndevu?"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata mpiga tarumbeta aliitoa tarumbeta mdomoni.

"Sifuri," akatangaza Sajini Hamduni, sauti ikimtetemeka kama mzazi anayesikia matokeo ya mwanawe. "Sifuri kavu, afande."

Kamanda alivua kofia, akajifuta jasho. Alikuwa mtu mwenye huruma. Kikosi chake kiliitwa hivyo. Akamwita Bi Zamoyoni, akazungumza naye kwa upole ili mtaa wote usikie.

"Dada yangu, serikali haina ubaya na wewe. Waziri wetu alikwenda mbali, akalinganisha, akakuletea kipengele. Kinaitwa Mapenzi ya Nyumbani. Mtoto akimfikisha mzazi wake daraja la tano kwa mikono yake mwenyewe, mzazi habebwi. Anabaki nyumbani kwake, kitandani kwake, mpaka siku yake ifike. Sisi tukimvunja, anakwenda kwenye winchi. Ukimvunja wewe, unabaki naye." Akamnyooshea rungu, mpini mbele. "Chagua, mama. Mtu mwenye mapenzi hachelewi."

Bi Zamoyoni alilitazama rungu. Lilikuwa na nywele za watu zilizogandia kwenye nyufa, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi. Alimtazama mama yake.

Na yule bibi, aliyewatukana askari tangu mwezi wa kwanza, ambaye hakukubali kulegea hata kwa mchezo, akakivuta kigoda, akaketi, akapandisha kanga yake mpaka juu ya goti. Goti lilikuwa jembamba, limekunjamana.

"Piga, mwanangu," akasema. "Afadhali mkono wako."

"Mama."

"Nimesema piga. Nitapenda kufia kwangu."

Bi Zamoyoni akalipokea rungu. Lilikuwa zito kuliko alivyodhani, akalishika kwa mikono miwili kama mchi. Akasogea hadi karibu na mama yake, machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

"Funga macho, Mama."

Bibi Nyamizi akafumba macho.

Rungu likapanda, likageuka hewani, likashuka juu ya goti la Kamanda Fikirini.

*

Goti lilikwenda upande ambao magoti hayaendi. Kamanda akaanguka kama gunia, akapiga yowe ambalo ng'ombe wa zamani wa yale machinjio wangelitambua. Bi Zamoyoni akampiga la pili, begani, na la tatu akaipiga bendi iliyokuwa karibu, kwa sababu alikuwa hajamaliza. Askari wakamrukia. Walimpiga kwa marungu, kwa mateke, kwa tarumbeta. Walimvunja mkono wa kulia, na alipohamishia rungu mkono wa kushoto, wakauvunja na huo.

Sajini Hamduni alimkimbilia mkuu wake, akapiga saluti na kusema kile alichokisema kila asubuhi ya kazi yake:

"Shikamoo, afande!"

"Marahaba!" akalia Kamanda. "Niinue, mjinga we!"

Askari wote wakageuka. Marungu yakasimama hewani.

Sajini Hamduni aliinuka polepole. Uso wake ulikuwa na huzuni ya mtu anayejua wajibu.

"Ameitikia," akasema.

"Hamduni, acha upumbavu."

"Sheria haiangalii mvi, afande. Ni maneno yako." Akakaa sawa, akatoa sauti ya usaili. "Mzee, simama."

Kamanda hakuweza kusimama.

"Tembea."

Hakuweza.

"Daraja la pili," akatangaza Sajini, na hapo akaliona kombe linavyometameta juu ya gari, na Sikukuu ya Uhuru ni kesho. "Jamani, bado maswali matatu tu. Tumsaidie."

Wakamsaidia. Hawakuwa na kinyongo naye, nataka hilo lifahamike; walimpiga kama walivyofundishwa, na aliyewafundisha alikuwa yeye. Waliivunja mikono yake kwenye kiwiko ili isifike mdomoni. Walilivunja taya ili jina lisitoke. Wimbo waliuimba wote, mpaka kwenye lile neno heshima. Swali la tano lilihitaji kichwa, nao wakalishughulikia kichwani, na walipomaliza Sajini Hamduni alipiga goti, akamwonyesha kidole chake kifuani.

"Mimi ni nani, mzee?"

Kamanda Fikirini alimtazama kwa jicho lililobaki. Akajaribu kuning'inia kwenye mkono wake kama mtoto mchanga, akatoa povu jekundu.

"Amefaulu!" akalia Sajini. "Daraja la tano! Ng'ambo wote wamefaulu!"

Bendi ikapiga kwa vyombo vilivyobaki. Mtu mmoja akauliza habari za Bibi Nyamizi, akaambiwa nafasi ya mwisho imeshajazwa, na kikosi kina haraka ya kufika uwanjani kabla Ng'ambo hawajapitwa. Kamanda akafungwa mikanda chini ya kwapa, akapakiwa. Bi Zamoyoni akapakiwa juu yake.

*

Kesi yake ilisikilizwa kwa haki. Hakushitakiwa kwa kumpiga Kamanda, kwa kuwa kumpiga mzee si kosa katika nchi ile. Alishitakiwa kwa kuvunja goti bila kibali. Hakimu alimtazama sana, akaziona mvi zake na mikono yake miwili iliyoning'inia kama mikono ya koti, akamhukumu afungwe mpaka azeeke.

Kombe lilikwenda Ng'ambo. Mheshimiwa Masumbuko Ndeketela aliongezewa wizara nyingine. Na Rais hatimaye alipata alichokitaka, kwa maana ujumbe wa kimataifa ulikuja kulinganisha. Uliongozwa na yule mama mpole mwenye miwani kutoka Nchi ya Mashine. Walionyeshwa Makao ya Heshima kwa nje, kwa mbali, kutokana na harufu. Wakiwa njiani kurudi wakampita bibi mmoja mkongwe kupita kiasi, anatembea peke yake kwenye vumbi, kapu kichwani, shingo imenyooka.

"Na huyu," akauliza mama wa miwani, "anahudumiwa na nani?"

"Huyo hahudumiwi, Mheshimiwa," akajibu Waziri, kwa fahari isiyo na kifani. "Huyo anahudumia. Anampelekea mwanawe chakula gerezani, kila siku, kwa miguu. Kwetu mzee hana muda wa kulala kitandani."

Wageni wakashangaa sana. Wakaomba gari lisimame wapige picha. Katika mkutano wa mwaka ule, nchi yetu ile ilitajwa mbele ya zote kwa wazee wanaojitegemea, na ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi. Picha ya bibi na kapu lake ilitundikwa ukutani, kubwa kama mlango.

Bibi mwenyewe hakuiona. Alikuwa langoni mwa gereza, anabishana na askari wa zamu.

"Fungua."

"Bibi, muda wa kuona wafungwa umekwisha."

"Wako au wangu? Fungua, mtoto mbaya, wali unapoa."

Askari akafungua. Bi Zamoyoni alikuwa amekaa nyuma ya nondo, mikono imeungana vibaya, haikunjiki. Mama yake akaketi chini upande wa pili, akafinyanga tonge dogo, akaupitisha mkono wake katikati ya vyuma.

"Walikuja tena nyumbani?" Bi Zamoyoni akauliza.

"Walikuja. Wana kamanda mpya."

Bi Zamoyoni hakulipokea tonge. Kiza cha mle ndani hakikumwonyesha zaidi ya mkono na kapu. Alijisogeza mpaka paji la uso likagusa chuma, akajaribu kuona chini, kule kanga ilikoishia.

"Mama," akasema. "Miguu?"

"Nimekuja nayo," akasema Bibi Nyamizi. "Fungua mdomo."